Kipimo kimoja kwa kijana na kwa mzee



Usiku ile ya mwezi wa tano 2025 wengi wetu hatukulala. Tulichanga franka za kununua mega, tukajibana watu sita mbele ya simu moja yenye kioo cha kupasuka, tukamwangalia mtoto wa Goma akicheza kule Marekani. Jonathan Kuminga, aliyezaliwa hapa kwetu mwaka 2002, alitoka ku benchi katika mechi ya tatu kati ya Golden State Warriors na Minnesota Timberwolves, akafunga pointi 30. Warriors walipoteza, 102 kwa 97. Lakini pale tulipokaa hakuna aliyezungumza juu ya kupoteza. Kila mtu alikuwa na swali moja: huyu walikuwa wanamkalisha ku benchi juu ya nini?

Swali lilikuwa na sababu. Tarehe 15 mwezi wa nne, Warriors walipocheza na Memphis kutafuta nafasi ya kuingia mechi za mtoano, Kuminga hakuingia hata sekunde moja. Alikaa na jaketi yake, akapiga makofi. Kama Stephen Curry hangeumia musuli wa nyuma ya paja katika mechi ya kwanza na Minnesota, pengine tungemaliza msimu tukimwona vile vile, amekaa. Curry alipotoka, mlango ulifunguka, na katika mechi nne zilizofuata kijana akafunga kwa wastani zaidi ya pointi 20. Warriors walipoteza zote nne, wakaenda nyumbani.

Tangu pale tunabishana. Nusu yetu wanasema: wazee watoke, wakati wao umepita. Nusu ingine wanajibu: kocha Steve Kerr ana pete tisa, tano za uchezaji na nne za ukocha, nyinyi muna pete ngapi? Mwaka 2025 msimu uliisha, Oklahoma City wakachukua kombe, mkataba wa Kuminga na Warriors ukafika mwisho, na hakuna aliyejua atavaa jezi gani. Tumeona ni heri tuandike tunachofikiri, juu hii mambo haihusu Kuminga peke yake.

Munajua tayari munatarajia tuseme nini. Sisi ni vijana, tuko na diploma, kazi hatuna. Mtu anaweza kusema mapema: hawa watasema tu kijana apewe fasi, mzee aende. Tutawashangaza kidogo. Tunaamini timu haipaswi kumpendelea kijana kwa sababu tu ni kijana. Lakini tunaamini vile vile kuna udanganyifu mmoja ambao timu nyingi zinawafanyia vijana, na ule ndio tunataka kuuonyesha.

Tuanze na historia yenyewe, juu wengi wanabishana bila kuijua.

Warriors walijaribu kutembea njia mbili kwa wakati moja. Upande moja, Curry, Klay Thompson na Draymond Green, watu waliokuwa wameshachukua makombe. Upande wa pili, watoto. Mwaka 2020 walichagua James Wiseman, namba 2 katika drafti. Mwaka 2021 wakachagua Kuminga namba 7 na Moses Moody namba 14. Mpango ulikuwa mzuri kusikia: wazee washinde leo, watoto wajifunze pembeni, na siku wazee watachoka, watoto watakuwa tayari.

Mwaka 2022 ilionekana sawa vile mpango umefaulu. Warriors walifunga Boston Celtics mechi nne kwa mbili, Curry akawa mchezaji bora wa fainali, Kuminga akapata pete akiwa na miaka 19. Goma tulishangilia. Lakini tuangalie vizuri nani alishinda ile fainali. Ni Curry, Thompson, Green, na Andrew Wiggins. Kati ya vijana, aliyebeba mzigo wa kweli ni Jordan Poole. Na Poole alijifunza wapi? Alijifunza katika msimu wa 2019-20, wakati Thompson alikuwa mgonjwa na Curry ameumia mkono, timu ikashinda mechi 15 tu na kupoteza 50. Msimu ule haukuwa na kitu cha kulinda. Poole alikosea usiku baada ya usiku, na kesho yake alirudi kiwanjani. Msimu uliofuata walimpeleka kwanza katika ligi ndogo, akarudi akiwa mchezaji mwingine.

Wiseman yeye hakupata ile bahati. Alikuwa amecheza mechi tatu tu za chuo kikuu mbele ya kuingia NBA. Akaumia goti, akakosa msimu mzima, na aliporudi timu ilikuwa inatetea kombe. Kila kosa lake lilikuwa ghali. Mwezi wa pili 2023 walimwachilia aende Detroit. Alikuwa amechezea Warriors mechi 60 tu.

Hapo tunaona kitu cha kwanza. Kijana hajifunzi kwa kuangalia. Anajifunza kwa kukosea mechi ikiwa inaendelea, na makosa yake kuna mtu lazima ayalipe. Timu inalipa kwa mechi inazopoteza. Hakuna njia ingine. Timu inayosema "tunalea vijana" na hapo hapo inasema "hatupotezi hata mechi moja" inaahidi kitu ambacho haina.

Sasa tuseme pia ukweli wa upande wa wazee, juu uko.

Sisi Wakongomani hatuwezi kudharau mchezaji mzee. Tulikuwa na Dikembe Mutombo, Mungu amrehemu. Mwezi wa pili 2008, Houston Rockets walikuwa wameshinda mechi 12 mfululizo wakati Yao Ming, nguzo yao, alivunjika mguu na msimu wake ukaisha. Watu walisema imekwisha. Kocha akamwita Mutombo. Alikuwa na miaka 41. Katika ile timu kulikuwa vijana waliozaliwa wakati yeye tayari ni mtu mzima. Alisimama chini ya ringi, akazuia, akaokota ribaundi, akatikisa kile kidole chake, na Rockets wakaongeza ushindi mwingine 10. Jumla 22 mfululizo. Mtu angesema "kijana kwanza" siku ile, angeharibu timu.

Mutombo hakupewa ile fasi kama pensheni. Alipewa juu usiku ule hakuna mwingine katika timu aliyejua kulinda ringi kama yeye. Na asingefanya kazi, angetoka. Ndio maana tunamheshimu mpaka kaburini.

Na huko Golden State, wanaomtetea kocha wana hoja ambayo hatutaikimbia. Wanasema Kuminga alikuwa anashika mpira muda mrefu, alikuwa anasahau kurudi kuzuia, na alipocheza pamoja na Green na Jimmy Butler, watu watatu wasiotisha kwa mbali, wapinzani walikuwa wanajaza njia zote kuelekea ringi na Curry alikuwa anakosa pumzi. Hii ni kweli, tumeiona kwa macho yetu. Wanasema tena: Curry amezaliwa mwaka 1988, miaka yake ya juu inahesabika, ni haki gani kuitumia kama darasa la mtu mwingine? Na hii pia ina uzito. Mtu aliyejenga nyumba ana haki ya kulala ndani yake.

Basi tatizo letu liko wapi?

Liko katika kipimo. Tarehe 4 mwezi wa kwanza 2024, Warriors walikuwa wanaongoza Denver kwa pointi 18 katika robo ya mwisho. Kuminga alikuwa amefunga pointi 16 kwa dakika 19. Kocha alimtoa katika robo ya tatu, na hakumrudisha tena. Wale waliobaki ndani, wazoefu, waliacha ule uongozi ukayeyuka wote, mpaka Nikola Jokić akapiga mpira kutoka karibu katikati ya kiwanja, ukaingia, 130 kwa 127. Kesho yake habari ikatoka kwamba kijana amepoteza imani kwa kocha wake. Watu wakamwita mwenye kiburi. Lakini kati ya wote waliopoteza pointi 18, nani alikalishwa juu ya ile kosa? Kijana aliadhibiwa mbele ya kukosea. Wazee walikosea na wakabaki.

Mwezi wa nne mwaka ule ule, katika mechi ya Sacramento ya kufa na kupona, Klay Thompson alipiga mara 10, hakuingiza hata moja. Warriors wakafungwa 118 kwa 94. Hatumchekelei Klay. Amewapa watu wale makombe manne, na alirudi kutoka majeraha mawili yenye kuua kazi ya mtu. Tunauliza tu: kijana wa miaka 21 akikosa mara tano mfululizo, angepewa ruhusa ya kupiga ya sita?

Mzee akikosa, wanasema "leo hakulala vizuri". Kijana akikosa kitu kile kile, wanasema "bado hajakomaa". Kosa la mzee ni ajali. Kosa la kijana ni ushahidi. Ndio udanganyifu tunaouzungumzia. Na kijana aliyeujua anacheza vibaya zaidi, juu kila akishika mpira anaangalia benchi kwa jicho moja. Anataka kufunga haraka mbele ya kutolewa. Kisha wanasema: munaona, anashika mpira sana.

Ile ya Poole ilikuwa mbaya zaidi. Mwezi wa kumi 2022, miezi minne tu baada ya kombe, Green alimpiga ngumi mazoezini, dunia nzima ikaona video. Green aliomba msamaha, akalipa faini, na siku ya mechi ya kwanza alikuwa kiwanjani. Mwaka uliofuata aliyeondoka ni Poole. Walimpeleka Washington, wakamchukua Chris Paul wa miaka 38. Kila uamuzi pengine ulikuwa na sababu zake za pesa na za mkataba. Lakini mtoto wa miaka 20 aliyekuwa amekaa mule ndani akiangalia, alijifunza nini juu ya nyumba ile?

Munaweza kusema: basi hakuna timu inayoweza kufanya hii kazi. Ziko. Tutataja mbili.

San Antonio Spurs, mwaka 2014. Tim Duncan alikuwa na miaka 38, Manu Ginóbili 36, Tony Parker 32. Hakuna timu ingekuwa na sababu nzuri zaidi ya kusema "huu ni wakati wa wazee". Lakini mwaka 2011 walikubali kumtoa George Hill, mchezaji kocha Gregg Popovich alimpenda sana, ili wampate Kawhi Leonard, kijana wa namba 15. Hawakumweka pembeni aangalie. Walimpa kazi moja kubwa: uzuie mkubwa wao. Katika fainali ya 2014 alimkaba LeBron James, timu ikashinda Miami nne kwa moja, na mchezaji bora wa fainali akawa Leonard, miaka 22. Duncan hakupungukiwa kitu. Alipata pete yake ya tano juu kulikuwa na kijana wa kukimbia pale miguu yake ilikuwa haifiki tena.

Ya pili ni Oklahoma City Thunder, mabingwa wa mwaka 2025. Shai Gilgeous-Alexander alikuwa na miaka 26, Jalen Williams 24, Chet Holmgren 23. Williams alifunga pointi 40 katika mechi moja ya fainali. Watu wanasema: munaona, vijana wanaweza! Tunaona. Lakini wasisahau bei iliyolipwa. Msimu wa 2020-21 Thunder walishinda mechi 22 na kupoteza 50. Msimu wa 2021-22, wakashinda 24 na kupoteza 58. Wenye timu walikubali watu kuwacheka. Msimu wa 2024-25 walishinda mechi 68 katika msimu wa kawaida. Na wazee hawakufukuzwa. Chris Paul yule yule alipita kule msimu wa 2019-20, akacheza pembeni ya Shai, akamfundisha akiwa kiwanjani pamoja naye. Na mwaka 2025 Alex Caruso, miaka 31, alikuwa kati ya wale waliotumwa kukaba watu wagumu zaidi.

Tazameni kitu ambacho timu hizi mbili zilifanya sawa. Kijana alipewa kazi yenye jina. Alijua anapimwa na nini. Akikosea, alijua atarudi. Na mzee alibaki pale ambapo kazi yake ilionekana.

Sasa turudi nyumbani kidogo.

Munajua juu ya nini hii habari inatuuma. Tulimaliza chuo, tukatengeneza dosie, tukazunguka nazo. Kila fasi wanaulizaka uzoefu wa miaka mitano. Uliza utaupata wapi, wanakuangalia sawa vile umetukana mama ya mtu. Ukipata bahati, wanakupa staji bila malipo, unaleta karatasi na kupiga fotokopi, na mwisho wa miezi sita wanakuambia hukuonyesha uwezo. Uwezo wa fotokopi? Tumekaa ku benchi, tunajua vile inavyokuwa: mwili unapoa, na siku ukiitwa ghafla, miguu haisikii. Ndio sababu zile pointi 30 zilituamsha watu sita usiku wa manane.

Lakini hatungekuwa wakweli tukiishia hapo.

Hapa mtaani tuko na kiwanja kimoja cha basketi. Ringi ya upande moja haina wavu, ya upande mwingine imeinama. Sheria inajulikana na wote: timu ikifungwa inatoka, wengine wanaingia. Sisi wa miaka 25, 26, ndio wakubwa pale sasa. Na tukifungwa, tunafanyaka nini? Tunasema "ile ya mwisho haikuhesabika". Tunasema "bado moja, watoto ngojeni". Watoto wa miaka 16 na 17 wanasimama pembeni, na mara nyingi mpira tunaochezea ni wao. Juma moja lililopita, mmoja wao alituambia, bila hasira: "Bayaya, munalilia Kuminga kila siku, na sie tunangoja hapa tangu saa tisa."

Tulicheka. Kisha tukanyamaza. Hakuna aliyekuwa na jibu.

Tuliwaza kwamba uzee katika basketi unaanza kwa miaka 38. Kumbe unaanza ile siku unapoanza kuhesabu makosa yako tofauti na ya aliye nyuma yako. Sisi bado hatujapata kazi, na tayari tuna watoto wanaotuona sawa vile sisi tunavyowaona wale wenye viti. Ile ilituuma kuliko mechi ya Memphis.

Basi, msimamo wetu ni huu, na tunausema kwa timu ya Golden State, kwa timu za hapa kwetu, na kwa sisi wenyewe.

Kwanza, kijana asipewe dakika za huruma. Dakika za huruma ni zile za mwisho, wakati mechi imeshaamuliwa, ambapo hakuna anayeangalia. Mule hakuna mtu anajifunza. Apewe kazi moja inayojulikana, katika dakika zenye uzito, hata kama ni nane tu, na asitolewe kwa kosa la kwanza.

Pili, kosa liwe na bei moja. Kama kijana anatoka kwa kutorudi kuzuia, mzee pia atoke kwa kutorudi kuzuia. Mzee aliye bora hatapoteza kitu kwa hii sheria. Mutombo angebaki kiwanjani. Curry angebaki. Yule anayeogopa kipimo kimoja, tunajua anaogopa nini.

Tatu, timu isiyo tayari kulipa mechi chache ili kijana akue, iseme hivyo wazi na imwachilie aende. Warriors wana haki kamili ya kumtumikia Curry mpaka siku yake ya mwisho. Hatutawalaumu kwa hilo. Lakini miaka minne kumwambia mtu "wewe ndiye kesho yetu" na kesho haifiki, hiyo ni kula ujana wa mtu. Kijana anaweza kuvumilia jibu la "hapana". Kinachomwozesha ni "ngoja" isiyokuwa na mwisho. Mwaka 2025 mawazo yetu yalikuwa hivi: kama mkataba mpya wa Kuminga hauna kazi yenye jina ndani yake, sisi tungependa afungashe mizigo aende hata timu inayopoteza, sawa vile Poole wa 2019-20, akosee mpaka akomae.

Na sisi hapa mtaani, tumekubaliana. Kuanzia juma hili, timu ikifungwa inatoka. Hakuna "bado moja". Hata kama waliotufunga ni watoto, na hata kama wametufunga kwa bahati. Atakayekataa kutoka, mpira utafungwa mpaka atoke.

Juma lililopita tulijaribu kwa mara ya kwanza. Tulifungwa na watoto kumi na moja kwa nane. Tulikaa pembeni kwa muda mrefu, jua likawa linaingia nyuma ya nyumba. Tukaona vile yule aliyetusema kuhusu saa tisa anavyopiga pasi. Hatukuwa tumewahi kuiona. Hakuwa amewahi kucheza muda wa kutosha sisi tuione.